Mdomo wa Matanga Umehamia Jikoni

Kazi nzima ilitugharimu dola mia nne na kumi na mbili, pamoja na jiko la jirani. Dola nimezihesabu mara mbili, zikatoka sawa. Jiko bado sijui linahesabiwaje, na ndiyo sababu naandika.

Majina sitataja hata moja. Kwetu Bunia, huku Kongo, mtu akijiona ndani ya karatasi, kesho yake yuko mlangoni kuuliza sehemu yake ni ngapi.

Mimi nauza samaki. Nateremka ziwani Kasenyi, mara nyingine Tchomia, napanda tena na samaki wa chumvi na wale wadogo waliokaushwa. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeipitisha nikimwambia mtu "hapana, hiyo ni nyingi", na yeye akiniambia "mama, unataka kuniua". Hakuna aliyekufa bado. Kwa hiyo komite ya avenyu yetu, mtaa wetu wa huku Ngezi, ilipotafuta mtu wa kwenda kununua vifaa vya kutengeneza chemchemi, haikupiga kura. Walinigeukia wote, basi.

Chemchemi hiyo siye tunaiita surse. Iko chini ya mteremko, pale barabara inapokata kona. Ina ukuta wa mawe ya kuchonga uliojengwa wakati wa Wabeleji. Wabeleji walitoa amri, babu zetu walitoa migongo. Kutoka ukutani inatokeza midomo mitatu ya chuma. Wa kulia na wa katikati ni ya kila mtu: unapanga bido lako, dumu la maji, kwenye mstari, unangoja, unagombana kidogo ili asubuhi isiwe ndefu, unachota, unaenda. Wa kushoto ni habari nyingine. Ule ni wa matanga.

Nyumba iliyofiwa haipangi mstari. Mtu akifa, watu wanakuja kukaa na kulala uwanjani kwake, wanapikiwa, wananawa, vyombo vinaoshwa tangu asubuhi mpaka giza. Maji yanatakiwa mengi na ya upesi, na mfiwa hana nguvu ya kugombania zamu. Basi anayetoka kwenye matanga anapita moja kwa moja kushoto, anajaza, anaondoka, hakuna wa kumuuliza. Na wakati hakuna aliyekufa, mdomo ule unamwaga maji yake mferejini tu, na hakuna anayeweka bido chini yake, hata kama mstari wa upande wa pili unafika barabarani. Ukiweka utasikia sauti nyuma yako: "Mama, kwako nani amekufa?" Unaondoa bido lako upesi.

Mimi nilikua nikiona hivyo. Sikumbuki mtu aliyenifundisha.

Sasa, ukuta ule ulikuwa umechoka. Mawe ya juu yalikuwa yameanguka, mdomo wa katikati ulikuwa na matundu kama kichujio, na chini mtu alisimama ndani ya matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Tulikuwa tumezoea. Halafu akapita bwana mmoja anayezunguka miji kutazama majengo ya zamani. Alipiga picha, akapapasa mawe kama anayenunua ng'ombe, akatuambia kwa Kifaransa kwamba hii si surse ya kawaida, hii ni patrimwane. Tulipouliza maana yake, alisema ni urithi wa wote, kitu cha kulindwa. Tulipouliza nani analipa, alitazama saa yake. Tangu siku ile mimi najua patrimwane ni kitu kinachopendwa sana na watu wasiokilipia.

Lakini lile neno lilifanya kazi yake. Prezida wa komite, mwalimu aliyestaafu, aliweka picha ya ukuta kwenye grupu ya WhatsApp ya avenyu na kuandika chini yake PATRIMWANE YETU. Watu ambao hawajawahi kutoa hata faranga za ufagio walianza kutoa. Kila parseli, yaani kila kiwanja, ilileta. Mimi nikapewa bahasha na kwenda sokoni.

Muuza vyuma alikuwa amekaa juu ya mifuko ya simenti, anakunywa chai. Alinionyesha bomba la chuma.

"Mama, hii tiyo inatoka Uganda. Ni ya nguvu."

"Uganda mimi naiona kila nikishuka ziwani. Haiko mbali ya kufika bei hiyo."

"Sawa. Leta ngapi?"

"Naanza na nusu."

"Nusu ya tiyo ao nusu ya bei?"

"Nusu ya bei. Tiyo nataka yote."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Akauliza ni ya kazi gani. Nikamwambia: surse yetu, patrimwane.

"Kama ni patrimwane, leta serikali ilipe."

"Basi bei ya serikali utaipa serikali ikikuja. Mimi nipe ya mama."

Hakunipa nusu, lakini aliongeza burashi mbili za chuma na kipande cha mnyororo ambacho sikukiomba. Nilipofika nyumbani nilihesabu tena, nikakuta ananidai msumari mmoja. Sikurudi.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, lazima niseme. Fundi alishusha ukuta jiwe kwa jiwe na kuandika kila moja kwa chaki ili lirudi mahali pake. Siye wanawake tuliketi mferejini kusugua ukoga wa kijani. Chini ya ule ukoga mawe yalikuwa na rangi ya asali, na hakuna kati yetu aliyekuwa anajua. Mama mmoja mzee alilitambua jiwe lililomvunja jino alipokuwa mtoto, akalisugua zaidi kuliko mengine. "Hili lirudishwe juu kabisa," alisema, "lisipate tena mutu." Na nyuma ya ukuta fundi alionyesha kwamba midomo mitatu haikunywa mahali pamoja. Kila mmoja ulikuwa na mshipa wake unaotoka ndani ya mlima, na mfereji wake wa mawe. Tulishangaa, tukasema wale wa zamani walikuwa na akili. Tungeishia hapo, ingekuwa vizuri.

Ilikuwa kwenye mkutano wa mwisho, mawe yote yakiwa yamesharudi, ndipo prezida alisimama na wazo.

"Maji ya kushoto inapotea bure," alisema. "Tangu Wabeleji. Mukikusanya ile maji yote, tungekuwa na ziwa yetu hapa, mama wa samaki hangeshuka Kasenyi."

Watu wakacheka. Fundi akasema ni jambo dogo: anaweka robine, koki ya kufungulia maji, kwenye mdomo wa kushoto, anaifunga na kadena, yaani kufuli. Matanga yakija, tunafungua. Yakiisha, tunafunga. Maji yatabaki mlimani yakingoja.

"Na kifunguo kwa nani?" aliuliza yule mama wa jino.

"Kwangu," prezida alijibu.

"Na kama ni weye njo umekufa?"

Kicheko kilichotoka pale kilifukuza kuku. Prezida alingoja kiishe, akasema mke wake atafungua, na kwamba yeye binafsi hana haraka. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilikuwa tayari najua robine nitainunua wapi na kwa kiasi gani. Hakuna hata mmoja wetu, fundi wala mwalimu wala muuza samaki, aliyekumbuka kwamba maji ya kampuni ukiyafunga yanangoja ndani ya tanki, lakini maji ya mlima hayana tanki. Yana mlima wenyewe nyuma yao, unasukuma.

Tulifungua surse kwa soda na maombi. Mawe yanang'aa, midomo miwili inaimba, wa tatu umefungwa kwa heshima na kadena ya njano. Picha zilienda mpaka kwa ndugu walio Kisangani.

Chini ya ukuta, upande huo wa kushoto, kuna parseli ya mama mmoja anayekaanga mandazi. Alitoka upande wa Butembo pamoja na bwana wake, wakanunua pale, na mwaka uleule bwana akafa. Alibaki. Mandazi yake yanajulikana mpaka barabara kubwa, na bei yake haishuki, nimejaribu. Mvua ya kwanza ilikuwa haijanyesha bado, yeye akaja kwangu na kandambili zinazolia maji.

"Mama wa samaki, kuja uone. Jiko yangu inatoka jasho."

Nilienda. Sakafu karibu na mafiga ilikuwa nyeusi, kuni zimelowa, na gunia la unga amelipandisha juu ya matofali. Hapakuwa na bomba wala shimo. Nilirudi nikaeleza komite. Kwenye grupu mmoja akasema ni umande. Mwingine akasema anamwaga maji ya kuoshea vyombo. Wa tatu akaandika kwamba wafanyabiashara hawakosi njia, labda amechimba kutafuta surse yake mwenyewe, na watu wakaweka vidole gumba. Mama wa mandazi pia yumo kwenye grupu.  Alituma picha moja: sakafu ya jiko imefunikwa na maji, na ndani ya maji unaiona sufuria yake kichwa chini.

Prezida na fundi walishuka kutazama, na mimi nyuma yao. Ukuta wa jiko ni wa matofali mabichi. Fundi aliubonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia chote.

"Hii ni maji ya chini," alisema, akitazama juu.

"Maji ya chini gani?" mama wa mandazi aliuliza. "Mimi niko hapa miaka hii yote, chini yangu ilikuwa kavu. Munafunga kule, inafunguka huku. Fungueni tuone."

Prezida hakutaka. Tukifungua sasa, alisema, watu watasema tulitumia pesa yao kununua robine ya mapambo. Tungoje kiangazi, pengine patakauka. Alikuwa anasema kwa upole, na kifunguo cha kadena hakikutoka mfukoni mwake. Mama wa mandazi alihamishia mafiga nje, chini ya bashe, turubai la plastiki. Siku za mvua hakuwasha moto. Wateja wake walianza kununua mikate kwingine, na mimi niliona sinia yake ikipungua, nikawa nanunua mawili badala ya moja. Aliishi kwa lile jiko. Kila mtu alijua, na kila mtu alingoja kiangazi.

Kilichokuja mbele ya kiangazi ni kifo. Mzee mmoja wa avenyu, dereva wa zamani wa malori, alilala akiwa na miaka mingi na hakuamka. Matanga ya heshima, bila malalamiko mengi. Wakwe zake wawili walikuja surse na bido zao, wakapita mstari, wakasimama kushoto. Mtu alikimbia kumwita prezida. Akaja amevaa koti, akafungua kadena mbele ya watu wote, akazungusha robine.

Ilikohoa. Ikatoa matone mekundu machache, kisha hewa.

"Fungua zaidi, papa," mkwe mmoja alimwambia.

"Iko wazi yote."

Kwenye mstari watu walinyoosha shingo kuona. Mtu mmoja wa mbele akavuta bido lake kando ili wapite kulia, lakini mkwe mkubwa hakusogea. Alikuwa amesimama na kitambaa chake cha msiba, anatazama lile tundu la chuma kama mtu aliyefungiwa mlango kwa ndugu. Ndipo mama wa mandazi, aliyekuwa kwenye mstari kama sisi wote, akaokota bido lake tupu.

"Kujeni," aliwaambia. "Maji yenu iko kwangu."

Tuliwafuata. Ukuta mmoja wa jiko ulikuwa umeshaanguka, na yeye alikuwa ameusafisha. Pale mafiga yalipokuwa, kati ya mawe mawili, maji yalikuwa yanatoka mengi na safi, unene uleule wa mdomo wa kushoto. Alikuwa ameweka kipande cha bati kilichokunjwa ili yaangukie vizuri ndani ya bido, na ameondoa mlango ili mtu aweze kugeuka akiwa na mzigo kichwani. Wale wakwe walijaza, wakaenda, wakarudi, siku zote za matanga. Kila wakipita aliwaambia pole. 

Baada ya maziko fundi aling'oa robine. Mdomo ulibaki mkavu. Alichimba kidogo nyuma ya ukuta, akaogopa kupoteza na mingine miwili, akaacha. "Imezoea huku," alisema, kama anayezungumzia ng'ombe aliyehamia zizi la jirani. Yule aliyeandika mambo ya kuchimba aliufuta ujumbe wake, lakini grupu ikaonyesha kwamba ujumbe umefutwa, kwa hiyo sote tukaukumbuka vizuri.

Komite ikakaa. Wakaamua mdomo wa matanga ujengwe upya palepale ulipojichagulia, kwa mawe, na njia ya kupita. Kwa hiyo lazima ile kona ya parseli inunuliwe. Walikuwa na dola themanini. Wakanigeukia tena.

Nilienda nikiwa na mpango: naanza na thelathini, nalalamika, napanda polepole. Nilimkuta chini ya bashe, anakaanga. Alinipa andazi la moto, akakataa pesa. Hapo nilijua mambo yameharibika. Mtu anayetaka kuuza hakupi cha bure kabla ya bei.

"Nimetumwa," nilisema.

"Naona. Umevaa viatu."

"Komite inauliza ile kona ni bei gani."

Aligeuza mandazi yote, moja moja, kabla ya kujibu.

"Mama wa samaki, wakati bwana yangu alikufa, mimi nilipanga mustari."

Sikuelewa haraka.

"Kule surse. Nilikuja na bido, nikakuta batu wengi, nikapanga nyuma. Ile ya kushoto ilikuwa inamwanga tu. Nikajiambia, pengine ile maji ni mubaya, juu ya ile hawainywe. Nikangoja. Nyumbani batu wanalia, mimi niko nangoja zamu. Kisha kukakuwa matanga ya wengine, njo nikaona."

"Hakuna mutu alikuambia?"

"Ningeuliza nani? Wote waliniambia pole. Walikuwa wazuri. Walisema pole, wakabaki mbele yangu."

Nilijaribu kukumbuka kama nilikuwemo kwenye mstari ule. Asubuhi ambayo siko ziwani niko surse, kwa hiyo inawezekana. Sikumbuki. Nadhani kila mmoja aliyekuwepo alifikiri mama huyu anajua na amependa mwenyewe kungoja. Siye tulizaliwa tukijua, haikutupitia kichwani kwamba mtu anaweza kufiwa bila kujua aende upande gani.

"Sina hasira," alisema. "Ila usiniulize bei. Weye njo unajuaka bei. Sema weye, mi nitaitika."

"Hata nikisema kidogo?"

"Hata ukisema kidogo."

Nimefanya biashara na wavuvi, na wachuuzi, na maaskari wa vizuizi. Naweza kupambana na mtu anayetaka nyingi. Huyu aliniachia pande zote mbili za mzani. Nilikula andazi langu nikarudi, nikaiambia komite kwamba bado tunaongea, na habari ya ule mstari nikawaeleza.

Tangu hapo kila mtu ana neno. Prezida anasema tutoe themanini zote, na robine juu yake kama zawadi. Sijui kama alikuwa anatania, na yeye pia sidhani anajua. Fundi anasema tumjengee jiko la matofali ya kuchoma upande wa pili wa parseli, na kazi yake hataitoza. Mwingine anasema tukiilipa ile kona inakuwa yetu, na tusipoilipa wafiwa watakuwa wanaomba kwa mtu, na maji ya kuomba si maji ya matanga. Nikauliza: na yeye akichoka na sisi akarudi Butembo, ambako mtoto wake anamwita kila wiki? 

Yule mama wa jino alingoja tumalize. Alisema kinachodaiwa si jiko. Jiko tumjengee, hiyo ni lazima, hata si malipo. Kinachodaiwa ni yale maji ya siku ile. Bwana wake hakufanyiwa hata sherehe ya kumaliza matanga, kwa sababu hakukuwa na ndugu karibu. Basi tuifanye sasa, avenyu nzima, na maji tuyachote siye wenyewe tumpelekee.

"Tuyachote wapi?" nikauliza. "Maji ya matanga iko jikoni kwake."

"Ndiyo, njo pale."

"Tutoe maji jikoni kwake, tupeleke uwanjani kwake?"

"Hata kama ni hatua mbili. Siye njo tubebe."

Nimeipima hiyo kwa kila mzani nilio nao. Upande mmoja ni upuuzi: watu wazima na mabido, wanavuka uwanja wa mtu na maji ya mtu huyohuyo. Upande mwingine, ni kitu pekee kilichosemwa kwenye ule mkutano ambacho sikuweza kukishusha bei. Naogopa pia. Anaweza kuona tunamchezea, miaka yote hii imepita, na leo tunamletea pole kwa sababu tunataka kona yake.

Fundi ameshaleta mawe, yako barabarani, na mama wa mandazi bado anakaanga chini ya bashe. Anangoja neno langu, na amesema atalikubali. Nyinyi mnaosoma, kama huko kwenu kuna chemchemi za zamani na desturi zake, na mliwahi kumkosea mtu hivi bila kukusudia, nishaurini. Nimpelekee bei, na kama ni bei, ngapi? Au niwaambie watu wachukue mabido, na mimi nitangulie kumuuliza kwanza kama atatufungulia uwanja wake?